Kijiti Bila Majani

Mwalimu Chipego alifunga mulango wa darasa, akasukuma meza moja nyuma yake, akachungulia tena dirishani. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Toa."

Octave Kalenga akatoa mufuko wa plastiki ndani ya koti lake. Mulikuwa na kijiti cha kijani, kirefu kupita kiganja, chembamba. Kilikuwa kimegawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena mara mbili, mpaka ncha zake zikawa kama uzi wa nyavu. Hakikuwa na jani hata moja. Pembeni ya matawi kulishikana vitone vya manjano, vitatu vitatu, vidogo kuliko punje ya mutama.

"Umekipata wapi?"

"Mwalimu, uniambie kwanza ni kitu gani."

"Hapana, tata. Wewe uniambie kwanza kama kitaniletea polisi hapa."

"Polisi walikikataa. Njo maana kimefika kwako."

Kweli walikikataa. Davies Chibwe, mulinzi wa komite ya ziwa, mutu wa kukamata nyavu na mashua wakati uvuvi umefungwa, aliopolewa majini chini ya mawe ya Puta, kule kaskazini. Muke wake Memory, alipokuwa anamuvalisha nguo za kuzikiwa, alimuvua koti lake la doria lenye lastiki mukononi. Ndani ya mukono wa kuume, karibu na kiwiko, akakuta kijiti hiki kimevunjika, kimelala pale kama kimefichwa. Akakipeleka polisi. Sajini akakiangalia, akacheka, akamwambia ziwa limejaa majani, arudi nyumbani akalie. Jana akakileta kwa Octave.

Wakubwa walikuwa wamekwisha kupata mutu wao. Alikuwa Hénoc, kijana wa Kikongomani, mukimbizi, ambaye Davies alimunyang'anya nyavu wakatukanana mbele ya watu. Ile Jumamosi Davies alipokufa, Hénoc alishinda Puta anatengeneza mashua, na kila mutu wa Puta alimuona. Puta kuko mawe, Davies aliokotwa Puta, basi mambo yakaisha. Hesabu ya mutu mwenye kiti ni fupi namna hiyo.

Hénoc alikuwa mutoto wa dada ya Octave, na katika ukoo wote hakubaki mwingine. Kesho asubuhi gari lingemupeleka gereza la Mansa, na mukimbizi akifika kule bila mutu wa kumusemea, hata jina lake linasahauliwa. Asubuhi hii, kwenye nondo za dirisha la mahabusu ya boma, kijana alikuwa ameuliza jambo moja tu: "Tonton, kesho utakuwa umefika mbele gari haijaondoka?" Octave akajibu ndiyo. Hakujua alijibu kwa nguvu gani.

Yeye mwenyewe alikuwa mupelelezi wa polisi kule Pweto, upande wa Kongo, mbele vita haijavukisha watu. Sasa alilima mihogo kambini, na polisi wa hapa walimuita tu siku walipokuwa na Mukongomani wa kutafsiria. Muke wake Simone alikufia kwenye mulango wa dispensari, dawa iko ndani, mwenye ufunguo iko kwenye semina. Tangu siku ile heshima kwa watu wa ofisi ilimuisha. Woga haukumuisha.

Chipego aliweka kijiti chini ya kioo cha kukuza. Alikuwa mutu wa kusini, Kiswahili alikiokota sokoni kwa wamama wa ng'ambo, na alikisema polepole, kama mutu anayevuka mutoni juu ya mawe.

"Hii haiko jani ya maji. Angalia. Haina jani, haina ua, haina mbegu. Hata muzizi haina. Hapa chini ni shina tu yenye kutambaa."

"Mumea gani hauna muzizi?"

"Huu. Iko ndugu ya kangaga. Zamani wenye elimu walifikiri ni muzee aliyebakia wa mimea ya kwanza kutoka majini kuja inchi kavu. Sasa wanasema hapana, ni kangaga aliyepoteza majani. Mi ninakwambia vile nilisoma."

"Na hii manjano?"

"Vifuko vya vumbi. Vinapasuka, upepo unabeba vumbi, linaanguka ndani ya ufa. Kule ndani, kwa giza, kunaota kitu kidogo kama funza, hakina rangi, jua hakilijui. Kuvu inakilisha. Kinakaa vile wakati murefu, murefu sana, njo kijiti kinatoka inje." Akaondoa jicho kwenye kioo. "Kusema kweli sipendi kukiwaza."

"Donc hakiwezi kuota juu ya maiti."

"Hata. Wala mu ziwa. Kinataka ufa ambao hakuna mutu anausumbua."

"Ufa ya wapi?"

Mwalimu alikawia kujibu. Octave alijua ule ukawiaji. Alikuwa ameuona kwa mashahidi wengi kule Pweto, dakika ile wanapoona jibu lao litamuua mutu.

"Kwa mawe," alisema. "Nilikionaka Puta, na wanafunzi. Ao juu ya miti, lakini hapa kwetu nilikionaka kwa mawe tu. Tata, mi naona hii inamufunga mutoto wako zaidi."

Octave akarudisha kijiti ndani ya plastiki. Alipofika barabarani, simu ikalia.

"Muzee Octave," sauti ya kiume ilisema, bila haraka. "Mihogo yako imeshikwa na magugu. Rudia ukalime."

Ikakatwa. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha kuuza muda wa simu, pikipiki nyekundu ilikuwa imesimama, na juu yake kijana mwenye kofia ya chuma. Hakuwa ananunua kitu.

*

Puta alifika jua likiwa katikati. Mawe yalishuka mpaka majini, meusi, yamepasukapasuka, na ndani ya nyufa, kweli, mumea ulikuwepo. Octave akapiga magoti. Akatoa kijiti cha Memory, akakiweka pembeni ya kile cha mawe, akaviangalia vyote viwili.

Havikuwa sawa.

Cha mawe kilikuwa kifupi, kigumu, kimegeuka manjano kwa jua, kimesimama wima kama nywele za brashi. Kile cha marehemu kilikuwa kirefu, laini, kijani ya kivulini, na kilikuwa na mupindo: kilishuka chini kwanza, kisha ncha zikajikunja kurudi juu kutafuta mwanga. Kitu chenye kuota namna ile hakisimami juu ya jiwe. Kinaning'inia.

Akageuza upande wa chini, pale kilipovunjikia. Kulikuwa na nyuzi za rangi ya udongo, ngumu kama nywele za nguruwe. Tangu jana alizihesabu kuwa mizizi. Lakini mwalimu alisema mizizi hakuna. Akachomoa uzi mumoja, akauvuta kati ya vidole, akaunusa. Akaujua. Ni zile nyuzi za kusugulia sufuria, zinazokaa kwenye shina la muchikichi, pale makuti ya zamani yanapoacha vishikio vyake.

Muchikichi. Davies alikuwa amekumbatia muchikichi kwa nguvu, mpaka kijiti kikavunjika na kuingia ndani ya mukono wa koti, na lastiki ikakishika. Mutu hakumbatii muti vile akiwa chini. Na hapa Puta, kando ya mawe haya, hakukuwa na muchikichi hata mumoja.

Changarawe ziliteremka juu ya mabega yake. Akainua kichwa. Kijana wa kofia ya chuma alikuwa amesimama juu ya jiwe, miguu imetanuka, jua nyuma yake.

"Unatafuta nini, muzee?"

"Dawa ya mugongo."

"Mawe ya hapa yanatelezesha watu."

"Nilisikia."

"Umesikia, na bado umekuja." Kijana akasukuma jiwe dogo kwa muguu. Likapita karibu na sikio la Octave, likaingia majini. "Mugongo inakusumbua kweli."

Octave alipanda njia nyingine, yenye kupita karibu na watu waliokuwa wanashona nyavu, na hakugeuka nyuma mpaka alipofika kwenye gari la abiria. Ndani ya viatu, vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vya ndege.

*

Octave akarudi Kashikishi, kule Davies alikoishi. Watu wa pale hawaachi muchikichi uchafuke. Mawese ni chakula. Kila mukataji anasafisha miti yake kwa shoka, anaondoa vishikio vya zamani ili nyoka wasilale mule na muguu upate pa kukanyaga. Basi muti wenye kuotesha kitu kile, kilichokaa gizani miaka mbele ya kutoka, ni muti ambao hakuna shoka lililougusa. Octave alitembea kando ya ziwa anaangalia mashina, moja baada ya lingine. Yote safi. Alipopita mapipa ya wamama wanaopika mawese, akaendelea na njia ya kisima, na mwisho wa njia akauona: muchikichi wa manyoya, shina lake limejaa vumbi na nyuzi, umeegemea kidogo ukuta murefu wa matofali.

Ukuta ulikuwa wa Royd Mwansa, mukubwa wa komite ya ziwa. Bosi wa Davies.

Kwa upande huu wa ukuta kulikuwa na lupango ndogo, kiwanja cha nyumba chenye bafu ya matete. Mwanamuke alikuwa anafua, povu limefika kwenye viwiko.

"Hodi, mama."

"Karibu, tata. Kama unauza, sina. Kama unalomba, sina zaidi."

"Niko na swali tu."

"Bon, njo wewe Mukongomani wa kutafsiria polisi." Alimuangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Mi naitwa Febby. Swali nalo halilipwi?"

"Ni juu ya Davies Chibwe."

Mikono ya Febby ilisimama ndani ya maji.

"Huu muchikichi," Octave akasema, "nani anaupanda?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu ba Royd wajenge ukuta. Mukataji aliyejaribu walimupiga, walisema anachungulia."

"Na ile Jumamosi?"

"Mi nilikuwa naoga."

"Sikukuuliza ulikuwa unafanya nini."

Jibu lilikuwa limekwisha kutoka, na wote wawili walijua. Pande zote mbili za ziwa hili, mutu hapandi muchikichi mbele hajapiga kelele, maana kutoka juu bafu zote ziko wazi kama sahani. Anayepanda kimya anashushwa kwa mawe. Watoto wa wakataji wanafundishwa ile kelele mbele hawajajua kufunga vifungo, na Davies alikuwa mutoto wa mukataji.

"Alipiga kelele," Octave akasema polepole. "Alikuja kupeleleza bosi wake kwa siri, na mbele ya kuinua muguu akapiga kelele ya adabu."

"Alilelewa vizuri," Febby akajibu, na sauti yake ikakatika. "Alisema, 'Mama zetu, mujifunike, kuko mutu anapanda.' Nikavuta kitenge. Nikajiambia, ile ni sauti ya Davies, anatafuta nini huku? Kisha mutu akamujibu kutoka ndani ya ukuta."

"Nani?"

"Tata, niko na batoto."

"Nami niko na mumoja, na kesho wanamubeba. Nani?"

Febby aliangalia ukuta kama ukuta una masikio. "'Panda tu, mwanangu.' Vile. Kwa utaratibu. Ile sauti ya kipaza sauti."

Hakukuwa haja ya jina. Kila mwaka sauti moja ndiyo ilipita bandarini na kipaza sauti, kutangaza ziwa limefungwa.

"Kuja useme vile kwa polisi."

"Polisi yupi? Ule anakunywa soda kwa ba Royd kila Ijumaa? Nikisema leo, kesho watanikuta Puta. Nani atanilinda? Wewe?" Akamunyooshea kidole chenye povu. "Angalia magoti yako. Uko unatetemeka kunipita."

Ilikuwa kweli. Octave akakunja mikono ya koti.

"Nitapanda nione fasi alivunja. Nipige picha. Kama hausemi, muti utasema."

"Usipande, tata."

Alipanda. Vishikio vya makuti vilikuwa kama ngazi mbovu, kimoja kinashika, kimoja kinatoka mukononi na vumbi. Hakupiga kelele, na aibu ya jambo lile ilimuwasha pamoja na siafu. Juu kidogo ya kimo cha ukuta akaukuta mumea wenyewe, unaning'inia kama ndevu, kijani, kila tawi na vitone vyake vitatu vitatu. Upande mumoja ulikuwa umeng'olewa. Jeraha la shina lilikuwa bado jipya, na kwenye nyuzi kulikwama uzi wa samawi, rangi ya makoti ya doria. Kwa hiyo Davies alikuwa hapa, hai, mbali na Puta na mbali na Hénoc.

Akaangalia ng'ambo ya ukuta. Mashua zilipangwa pale, zile komite ilizotangaza imezichoma moto mbele ya sheria. Majina ya wenyewe yalikuwa yamekwanguliwa, rangi mpya inang'aa. Octave akatoa simu. Picha ya kwanza ilikuwa ukungu tupu. Ya pili ikashika.

"Inaonekana vizuri kutoka huko?"

Ile sauti, bila kipaza sauti. Royd Mwansa alikuwa amesimama chini ya muchikichi, mutu munene, viatu safi, mikono nyuma. Pembeni yake kijana wa kofia ya chuma ameshika panga.

"Unaniangusha, muzee wangu," Royd akasema. "Haukupiga hata kelele. Davies alinipa heshima zaidi."

Octave akaingiza simu ndani ya shati.

"Angusha simu, nawe ushuke. Ao ubakie na simu, uanguke nayo. Mukimbizi alipanda kuiba matunda ya mawese, muti ukamushinda. Nani atauliza? Kule boma, kwa wakubwa wa serikali, hata jina lako hawajui kuliandika."

Kijana akapiga panga kwenye shina, si kwa nguvu. Pigo likapanda ndani ya muti, likamufikia Octave kifuani. Akapiga tena. Octave alifunga macho, na alipoyafungua akaona Febby anatoka kwenye lupango yake na beseni kichwani. Alilitua chini ya muchikichi, akaligeuza, akalikalia, katikati kabisa ya panga na shina.

"Mwapoleni, ba Royd," akasalimu.

"Febby. Rudi kwako."

"Nitarudi. Nangojea huyu muzee ashuke."

"Ni jamaa yako?"

"Hapana. Hata jina yake siijue."

"Basi?"

"Basi nangojea." Akafunga kitenge chake vizuri. "Na sitangojea peke yangu. Nimeita bamama wa mapipa. Wanafunika moto, wanakuja."

Royd aligeuza kichwa kuelekea njia ya kisima, lakini kwa pale alipokuwa, kona ya ukuta ilimuziba. Kijana naye hakuona kitu. Mutu mumoja tu ndiye aliyeiona njia yote, kutoka ukutani mpaka kwenye moshi wa mapipa, na mutu yule alikuwa juu ya muti. Royd akainua macho kwake.

Octave aliangalia njia. Kulikuwa na mbuzi mumoja. Hakukuwa na mutu.

"Wa kwanza wamefika kisimani," Octave akasema. Alishangaa kusikia sauti yake imetulia. "Watatu. Hapana, wane. Mumoja ameshika muti ya kukorogea."

Kijana akashusha panga, akaangalia bosi wake. Royd alimuangalia Octave usoni muda murefu, anatafuta. Octave alimurudishia uso ule ule wa Pweto, uso wa siku alipokaa mezani na wauaji.

"Febby," Royd akasema mwishoni, "nyumba yako naijua."

"Najua unaijua."

Akapita pembeni ya ukuta kwa mwendo wa mutu asiye na haraka, kijana nyuma yake. Geti likalia. Octave alishuka anatelezateleza, ngozi ya viganja ikabaki kwenye vishikio. Akakaa chini pembeni ya beseni. Simu ilikuwa ndani ya shati, na uzi wa samawi kati ya meno, hakukumbuka aliuweka saa gani.

"Ulisema umeona wane," Febby akamuambia. "Ni nani na nani?"

"Sikuona mutu."

"Najua. Sikuita mutu."

Ndani ya ukuta, pikipiki iliwaka. Febby akasimama, akabeba beseni lake, akamushika Octave mukono wa koti kama mutu anayemushika mutoto kwenye kuvuka barabara.

"Tupite kwanza kwa mapipa," alisema. "Wale bamama nilisema wanakuja, leo ni lazima wakuje. Kisha twende wote boma, tuseme kwa sauti kubwa chini ya dirisha ya mutoto wako. Tuende sasa, mbele miguu yangu haijakataa."